Chumba Namba Saba

Virginia wa Thuo alikuwa na kiti chake. Ungeingia katika nyumba yake ya Woodley, ile ya mawe yenye sakafu ya mbao aliyoachiwa na marehemu mumewe, karani wa baraza la jiji, ungekuta makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, stuli sita na mkeka, na ungekuwa huru kukaa popote ila pale. Kiti chenyewe kilikuwa kimeegemezwa konani, dirisha likiwa nyuma yake, na aliyekikalia aliona mlango, aliona jikoni, na aliuona uso wa kila mgeni ukiwa umemulikwa vizuri na mwanga. Majirani walisema ni maringo. Mama mwenye ploti ya vyumba kumi na viwili kule Dagoretti, walisema, lazima awe na kiti cha enzi. Waseme watakavyo. Ukweli ni kwamba Virginia alikuwa anaacha kusikia, na hapo ndipo mahali pekee alipoweza kusoma midomo ya watu bila wao kujua.

Ilianza kidogokidogo. Kabla ya kununua ploti alikuwa ameendesha mashine ya posho, ya kusaga mahindi, sokoni Dagoretti kwa miaka ishirini na miwili, na mashine ya posho haibembelezi masikio ya mtu. Kwanza ndege wa asubuhi wakanyamaza. Akadhani wamehama kwa sababu ya moshi. Kisha mchungaji akaanza kumung'unya maneno, na Virginia akamsema sana kwa akina mama wa kanisa, hata akataka barua iandikwe aletwe mwingine. Alipogundua kwamba mchungaji wa watu hana kosa, barua ilikuwa imekwisha kuandikwa. Akaichana, akafunga mdomo.

Alikuwa na sababu ya kuufunga. Shemeji yake Mbugua, mdogo wa marehemu, alikuwa akiimezea mate ploti ile tangu siku ya mazishi. Kila akija chai wimbo ni uleule: "Mama Debra, wewe umechoka, si uniachie hizo funguo nikusaidie?" Sasa mpe mtu kama huyo habari kwamba masikio yamekwenda! Angemfanya mtoto wa kuogeshwa. Virginia aliapa kwamba atakufa na siri yake, na funguo zikiwa kiunoni.

Basi ndipo binti yake wa pekee, Debra, akamleta Lenox Were.

"Mum," Debra alimwambia siku mbili kabla, huku akimtazama usoni, "kuna kitu sijakushow. Lenox ni kiziwi. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, tangu hapo hasikii kitu."

Virginia alijiuliza. Msichana aliyesomeshwa kwa unga wa posho, akaajiriwa hospitali kubwa mjini kuendesha ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hakumwona mwanamume mwingine Nairobi nzima? Lakini tuseme kweli, maana hii si hadithi ya kumpaka mtu mafuta: hakuchukizwa na Lenox. Aliogopa. Aliogopa kama mtu anayeambiwa kwamba ugonjwa anaouficha umepiga hodi mlangoni ukiwa umevaa suti.

Lenox alikuja na dada yake Namalwa, mwalimu wa shule ya msingi kule Jamhuri, ambaye ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Alikuwa kijana mrefu, mtulivu, mwenye viganja vipana. Aliingia, akavua viatu, akazungusha macho mara moja tu katika sebule nzima, na katika viti vyote vilivyokuwamo akaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha Virginia. Kisha akasimama. Alilitazama dirisha, akamtazama mwenye nyumba aliyekuwa anakuja nyuma yake akikikodolea macho kiti hichohicho, akainamisha kichwa kidogo, akarudi zake na kuketi kwenye stuli ya pembeni. Tangu siku hiyo hakukikaribia tena.

Adabu hiyo Virginia aliisahau upesi, kwa kuwa kijana hakumpa mkono. Alisimama mbali, mikono amekunja, macho chini.

"Mama, usimchukulie vibaya," Namalwa akasema. "Kwetu Bungoma mtu hamsalimii mama mkwe kwa mkono. Hata kumgusa tu nguo ni makosa mabaya sana. Hiyo ni heshima."

"Lakini yeye bado si mkwe," Virginia akajibu.

"Ndio, mama. Ameamua aanze mapema."

Virginia alikaribia kucheka. Chai ikamiminwa. Katikati ya chai Lenox akaweka kikombe chini, akainuka, akageukia mlango na kusimama wima kama mwanafunzi. Wote wakamshangaa. Muda mfupi baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia Mbugua na kofia yake, akakuta mgeni amekwisha kusimama kumwamkia.

"Ameskia hatua za Uncle kwa miguu, mum," Debra akasema kwa fahari. "Mbao zinamwambia."

Virginia aliitazama sakafu yake. Miaka thelathini aliipiga msasa na nta, na haikuwahi kumwambia kitu.

Wageni walipoondoka Mbugua alisema aliyokuja kuyasema. "Mama Debra, mtoto amesoma, ana kazi safi, halafu atuletee kiziwi? Mtu hata gari ikimpigia honi hajui?"

"Nyumba hii haihitaji kiziwi," Virginia akasema, na moyoni akamalizia: wa pili.

Debra hakupiga kelele. Alimjua mama yake. Ukimshindilia neno anakwambia sikio la kufa halisikii dawa, kisha anakwenda kuchambua mboga. Jumapili iliyofuata alirudi na bahasha kubwa ya khaki, akatoa karatasi nyeusi inayong'aa, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapita ndani yake, na vichwa kumi na viwili vya mtu mmoja vikatokea, kila kimoja kimekatwa mahali pake kama kabichi.

"Huyu ni Lenox," akasema. "Ndivyo tulivyojuana. Kulikuja wazungu wa utafiti na madaktari wetu, wanataka kuona ubongo wa watu wasiosikia umejipanga aje. Mimi ndiye nilikuwa kwa mashine. Unaona hapa, juu ya sikio? Hii ndiyo sehemu ya kusikia. Mum, unakumbuka namba saba?"

Nani angesahau namba saba? Mpangaji wa chumba hicho, fundi wa viatu, alitoweka bila kuaga na kuacha kufuli lake mlangoni. Virginia akaogopa kesi, akaacha chumba kimefungwa miezi minne akimngoja chifu aje ashuhudie. Siku kufuli lilipovunjwa alikuta maajabu. Namba sita alikuwa ametoboa ukuta wa mabati na kusukumia ndani magunia yake ya makaa. Namba nane naye alikuwa ametoboa upande wake na kuweka cherehani, na nguo za wateja zimepangwa kwa misumari. Hata mlango walikuwa wamewekeana, wenye bawaba, wa kupitia kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Virginia aliwafokea mpaka sauti ikamkauka, lakini usiku alipolala alikiri kwamba chumba hakijawahi kutumika vizuri namna ile.

"Kichwa chake ni ploti," Debra akaendelea. "Alipougua, mpangaji wa namba saba alihama. Sisi wote tulidhani chumba kinakaa tu kimefungwa. Wapi! Majirani hawakungoja chifu. Tulimfunga kitu kidogo kidoleni, kinatetemeka. Mimi na wewe, ingejibu ile sehemu ya ngozi peke yake, huku juu. Kwake namba saba pia iliwaka. Na macho ya pembeni nayo yamehamia hapo. Ndio maana anakuona ukija hata kabla hujafika."

"Kwa hivyo hakuna kilichoharibika?"

"Kimeharibika, mum, sitakudanganya. Ile njia ya kutoka sikioni imekonda, kama kinjia ambacho watu wameacha kupita. Na bahati yake ni kwamba nyanya yake alimpeleka shule ya viziwi mapema, akapata lugha ya ishara. Mtoto akikosa lugha kabisa, hapo ndipo hasara kubwa iko. Lakini chumba hakikuanguka."

Virginia aliikaribia picha. Hujafa hujaumbika, aliwahi kusema mara nyingi akiona kilema njiani, naye alikuwa akimaanisha kwamba mabaya yanaweza kumfika yeyote. Leo msemo ule ulimgeukia ukaonyesha upande mwingine. Hapa palikuwa na kichwa kilichoendelea kujiumba miaka ishirini na mitano bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikitazama kwa wivu wa mwenye ploti anayeona ploti iliyojengwa vizuri kuliko yake.

"Na mtu mzima?" akauliza. "Kama mtu ameanza kupoteza akiwa mzee. Nauliza tu."

"Ubongo wa mzee pia unahama, lakini polepole. Shida ya wazee wanajificha. Kichwa kinafanya overtime kubahatisha maneno, kinachoka, mwisho mtu anaacha kwenda chama, anaacha kupiga stori. Anajifungia. Sasa hapo ndipo vyumba vinaanza kuporomoka, kwa sababu hakuna anayeingia." Debra akamgeukia. "Mbona unauliza?"

"Chai imepoa," Virginia akasema, akaenda jikoni. Huko alisimama akiwa ameshika sufuria bila kufanya nalo kitu. Wiki ile ile alikuwa ameacha kwenda chama, kile cha akina mama cha kuwekeana akiba.

Mbugua hakukata tamaa. Mwezi wa Agosti, mwaka huo wa 2006, ruracio ilipopangwa, siku ya wazee wa pande mbili kukutana kwa habari za mahari, alikuja na sharti. Mila inajulikana: bibi arusi hufunikwa gubigubi kwa leso pamoja na wasichana wengine, na kijana sharti amtambue wake. Akimshika mkono mmoja wao, basi huyo ndiye amemchagua, hakuna kurudia. Akikosea, kwa kawaida watu hucheka, anatozwa faini ya mbuzi na shughuli inaendelea. Mbugua alisema safari hii hapana. "Akikosea arudi kwao mwaka mzima ajipange. Kama ni mtu kamili, atatambua bibi yake."

Wazee wawili waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Virginia alikuwa na nafasi ya kukataa, na hakuitumia. Alisema sawa. Mwaka ni mrefu. Huenda Debra akasahau.

Aibu ya neno hilo ilimpeleka mjini siku ya Alhamisi, akiwa na kisingizio cha vijikaratasi vya mkutano wa akina mama wa kanisa. Kiwanda cha kuchapa alikofanya kazi Lenox kilikuwa kichochoro kimoja nje ya Barabara ya Kirinyaga, chumba chenye mashine tatu zinazonguruma, harufu ya wino na mafuta ya taa. Vijana wengine walikuwa wamejaza pamba masikioni na bado wamekunja nyuso. Lenox peke yake alikuwa na uso wa mtu aliye kanisani. Alimwona Virginia kutoka pembeni bila hata kugeuka, akakunja mikono, akainamisha kichwa, akaendelea na kazi.

Virginia alimtazama kwa nusu saa. Kijana alilisha karatasi mashine ya kwanza, na huku mgongo wake umeelekea mashine ya tatu, kule mwisho kabisa. Mara akasita. Akatembea hadi kule, akaweka kiganja kwenye ubavu wa chuma, kisha goti, akaizima. Mwenye kuiendesha akafungua mdomo kuteta. Lenox akafungua kifuniko, akatoa bolti iliyokuwa imelegea karibu kudondoka katikati ya roli, akamwekea yule kijana mkononi, akarudi mahali pake.

"Huyo ndiye mhandisi wetu," mwenye kiwanda akamwambia Virginia kwa mdomo mkubwa, kwa bahati nzuri. "Mashine ikiumwa anajua kabla yenyewe haijajua."

Virginia alirudi nyumbani akijichukia. Alikuwa amemwona mtu hodari, mtu ambaye angejivunia kumwita mwanawe, naye alikuwa amekwisha kumwekea mtego mbele ya wazee. Neno lililokwisha kutoka mbele ya wazee si la kumeza. Alijifariji kwamba kijana atashinda tu, mbao zitamwambia.

Hilo ndilo dada yake Virginia alilolifikiria pia. Hannah alikuwa ameongoza shughuli za kufunika bibi arusi Kiambu nzima, na alijivunia kwamba hajawahi kushindwa na bwana arusi. Hila zote alizijua. Alijua wasichana wanaokohoa ili watambuliwe, kwa sababu yeye mwenyewe alikohoa enzi zake, kwa hiyo aliwagawia wote peremende wanyonye, asikohoe mtu. Walipomkumbusha kwamba kijana ni kiziwi alisema hata kama, utaratibu ni utaratibu.

"Lakini Debra ananiambia huyu anatambua hatua," akasema. "Nikafikiria. Nani anatembea kama Debra? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Virginia, utafunikwa na wewe."

"Mimi? Na uzee huu?"

"Nyanya wa watu hufunikwa, sembuse wewe. Ama una sababu?"

Sababu alikuwa nayo, na ndiyo hasa asiyoweza kuisema.

Jumamosi ilifika. Makochi yalitolewa nje, sebule ikapangwa mabenchi, upande mmoja watu wa Virginia, upande mwingine wageni kutoka Bungoma wakiongozwa na Hezekiah, baba mkubwa wa Lenox, mzee mwenye koti zito na mkongojo. Lenox alisimama katikati akiwa na soksi tu. Wanawake saba waliingia kutoka chumbani mmoja mmoja, kila mmoja amefunikwa leso mbili na shuka juu, miguu kwenye soksi za sufu, Debra akiwa wa tatu na Virginia wa tano.

Gizani mle, chini ya nguo, Virginia aligundua jinsi alivyokuwa amekwenda mbali. Miaka yote hii alidhani bado anasikia kidogo, anabahatisha. Kumbe alikuwa akisikia kwa macho. Sasa macho yamefunikwa, na dunia nzima ilikuwa uji. Sauti ya Hannah ilikuwa uji, kicheko kilikuwa uji. Alihisi mbao zikitikisika kulia na kushoto, akadhani wenzake wanasogea mbele, akasogea hatua moja. Mbao zikatulia. Akabaki kusimama, jasho likimtiririka mgongoni.

Aliyoyajua baadaye, kwa kusimuliwa, ni haya. Hannah alikuwa amesema waketi kwenye benchi lililokuwa nyuma yao, na sita wakaketi. Mmoja akabaki katikati ya sebule kama mlingoti. Hannah akarudia. Akarudia mara ya tatu, kwa ukali. Watu wakaanza kucheka, na Mbugua, aliyefurahi kuliko wote, akapaza sauti: "Huyo naye ni kiziwi wa pili ama ni nini? Hebu tumwone!" Akainuka kwenda kuvuta shuka.

Virginia alihisi mkono umemshika kiwiko. Mkono mwingine ulimgonga taratibu juu ya kiganja, mara mbili, ukamrudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka miguu yake ikagusa benchi, ukamkalisha. Alidhani ni Hannah, akashukuru Mungu. Kisha akasikia harufu. Wino na mafuta ya taa.

Alilivuta shuka usoni mwenyewe.

Hakuhitaji masikio kusoma alichokiona. Mdomo wa Mbugua ulikuwa rahisi siku zote: "Amechagua! Amemshika mama mkwe! Mwaka mzima!" Upande wa Bungoma, mzee Hezekiah alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, mwanawe amemgusa mama mkwe mbele ya watu, na aibu gani ilibaki? Namalwa alikuwa analia huku mikono yake ikienda mbio, ikimwuliza kakake swali lile lile: kwa nini, kwa nini? Na Lenox alikuwa amesimama mbele ya umati ule mikono ameikunja, macho chini.

Virginia alielewa yote kwa pamoja. Kijana alijua ni nani aliyekuwa chini ya shuka. Alijua kumgusa ni kushindwa, na alijua kwamba kwao ni makosa mabaya, na alimgusa, ili mtu asimfunue akiwa amesimama peke yake katika uziwi wake. Na sasa hakuwa na nia ya kujitetea. Angeweza kueleza kwa ishara tatu tu, na ishara hizo tatu zingeitoa siri ya mwenye nyumba nje. Angerudi kwao mwaka mzima na siri ya mtu mwingine mfukoni.

Alimtazama Mbugua. Alizipapasa funguo kiunoni. Kisha akasimama.

"Mbugua, kaa chini," akasema, na kwa kuwa hakusikia sauti yake aliitoa kubwa kuliko alivyokusudia. Aliona midomo ikifungwa. "Huyu kijana hajachagua mtu. Hannah ametuambia tukae, mimi sikuskia. Sijaskia leo, sikuskia jana. Huu ni mwaka wa nne siskii. Mchungaji wetu nilimsingizia bure, na kwenu ninyi wote nilikuwa naitikia tu. Hakuna mtu amejua, hata mtoto wangu anayepiga watu picha za kichwa. Huyu ndiye alijua. Amenikalisha kwa kiti ili msinicheke."

Aligeukia upande wa Bungoma. "Na wewe mzee Hezekiah, toa kofia usoni. Hakumgusa mama mkwe. Amegusa mtu amefunikwa. Si ndiyo mila yetu, aliyefunikwa hana jina mpaka afunuliwe?"

Mzee Hezekiah aliiteremsha kofia polepole. Alilifikiria jambo lile kama hakimu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Wazee wawili wa upande wa Virginia wakamtazama Mbugua, wakamwashiria aketi. Akaketi.

"Mtoke, mwingie upya," Hannah akaamuru, huku akipangusa macho na kujifanya ni jasho. "Sita. Na wewe," akamnyooshea Lenox kidole, "sitaki mchezo."

Wanawake sita wakatoka. Lenox alimwambia dada yake jambo kwa mikono, na Namalwa akasita kabla ya kulitafsiri. "Anasema mtu akifikiri nimemwonyesha, haitakuwa na maana. Anaomba awape mgongo."

Akageuka, akaukabili ukuta, akafumba macho. Virginia, ambaye sasa alikuwa ameketi mahali pa mama wa bibi arusi bila la kuficha, aliziona soksi zake zimetulia juu ya zile mbao alizozipiga nta miaka thelathini. Hannah, mwenye hila zake, alikuwa amempanga Debra wa mwisho na kumwambia achechemee. Wa kwanza akapita. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Lenox hakutikisika. Wa sita akaingia akichechemea kama kuku aliyefungwa kamba, na alipokuwa amepiga hatua mbili tu uso wa Lenox ukachanua tabasamu kubwa kuelekea ukutani. Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kiganja wazi. Debra akaukamata akiwa bado na shuka kichwani, na vigelegele vikapigwa kwa nguvu kiasi kwamba hata Virginia alivipata, kidogo, kupitia nyayo.

Usidhani dunia ilikuwa sukari baada ya hapo. Mbugua alizungumza sana kuhusu funguo, mpaka Virginia akamkalisha mbele ya wakili na kumwuliza tangu lini vyumba hukodishwa kwa masikio. Virginia alivalishwa vifaa vya kusaidia kusikia na Debra, vikampigia filimbi kanisani, akavizoea kwa matusi. Alimwendea mchungaji akatubu kisa cha barua, na mchungaji akasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba hata mkewe hulalamika kuwa anamung'unya.

Na kila Jumapili alasiri Lenox alikuja Woodley kumfundisha lugha ya ishara. Ilikuwa lugha ya kuwafaa hao wawili kuliko wote, kwa kuwa haikuhitaji wagusane. Siku ya kwanza alimkuta Virginia amelisogeza kabati na kuweka kiti kingine konani, mkono mmoja kutoka kwa chake, nacho kikiwa kimeupa mgongo ukuta na dirisha. Lenox alikitazama kwa muda kabla ya kuketi.

Mwezi wa tatu wa masomo hayo, vidole vyake vikiwa bado vizito kama vya mtoto wa chekechea, Virginia alipanga maneno matatu peke yake, bila msaada wa Namalwa: Ulijua lini wewe?

Lenox alijibu taratibu ili apate kufuata. Siku ya kwanza. Akaonyesha kiti. Tulikitaka kimoja.

Virginia alicheka mpaka akatoa leso. Akawa anayafuta macho, na akiwa katika kuyafuta akasita, kitambaa kikiwa usoni. Kulikuwa na kitu. Hakikuwa sauti, kilikuwa chini, kwenye nyayo, kidogo sana, kama mtu anayegonga meza katika nyumba ya pili. Kikaja tena. Aliteremsha leso akageukia mlango, na alipogeuka alimwona Lenox kwa pembe ya jicho, naye amegeuka vilevile.

Walingoja. Mlango ukafunguliwa, Mbugua akaingia na kofia yake, akawakuta wote wawili wamesimama wima kumwamkia.